Somo: Kuendesha LED za wati 3 kwa ampia 1 bila kuziunguza

Swali la jinsi ya kupata mwanga zaidi kwenye LED bila kuziunguza nimelijibu faraghani mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Wavuvi wa usiku huku Lamu walioacha karabai wanataka mwanga zaidi, basi wanaongeza umeme tu. Kinachoua nyingi ya LED zao ni joto lililokosa njia ya kutoka.

Mfano: LED 3 kwa mfululizo, betri ya volti 12, ampia 1. Kwanza soma karatasi ya mtengenezaji. Nyingi za bei rahisi mwisho wake ni miliampia 700, hizo usizilazimishe.

1. Piga hesabu ya joto. Kila LED hula kama volti 3.3, kwa hiyo zote 3 ni takriban wati 10, na kama wati 7 zinageuka joto. Hitisinki (alumini yenye mapezi ya kutoa joto) ya nyuzi 4 kwa kila wati itapanda nyuzi 28 juu ya hewa. Hewa ikiwa nyuzi 32, alumini itafika 60. Inatosha. Chipu yenyewe huwa na joto zaidi ya hapo, ndiyo maana hatuikaribii mipaka.

2. Sugua alumini kwa msasa laini, futa kwa spiriti.

3. Paka pesti ya joto nyembamba sana. Inaziba vijishimo tu. Ikiwa nene inazuia joto.

4. Kaza kila kibao kilichobeba LED kwa skrubu 2 zenye washa za nailoni. Weka mita kwenye mlio, gusa mguu wa LED na alumini. Ikilia, vimegusana, fungua urudie.

5. Lehemu waya, hasi ya LED moja kwa chanya ya inayofuata, mpaka ya mwisho.

6. Kuweka driva, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye LED. Hapa soma taratibu, maana, ukiacha joto, taa nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimekufa zimefia hapa. Tumia driva ya kushusha yenye skrubu 2 za kurekebisha, ya volti na ya ampia. LED zikiwa bado hazijaungwa, weka volti 10.5. Zima. Punguza skrubu ya ampia mpaka chini, unga mita ya ampia 10 upande wa driva unaotoa umeme, washa, pandisha polepole hadi 1.0. Zima tena, ndipo uunge LED, na betri iwe ya mwisho kabisa.

USIGUSISHE LED kwenye driva iliyokwisha washwa. Kapasita yake, inayohifadhi umeme, imejaa, na inajimwaga yote ndani ya LED kabla driva haijawahi kuzuia. Huoni moshi, unaona nukta nyeusi katikati ya ile rangi ya manjano. Waya uliolegea chomboni hufanya jambo lilelile kila wimbi linapoutikisa, kwa hiyo lehemu, usisokote. Hizo volti 10.5 pia ni kinga: kadiri unavyoziweka juu zaidi ya mahitaji ya LED, ndivyo kishindo kinavyokuwa kikubwa.

7. Fyuzi ya ampia 2, karibu na betri.

8. Washa nusu saa, gusa alumini. Kidole kikishindwa kukaa sekunde 5, ongeza hitisinki au punguza umeme.

MASWALI

Nahodha_Matondoni: Fundi, mimi nimeunga moja kwa moja kwenye betri na inawaka. Driva ya nini?

Jibu: Soma hatua ya 6. Betri ikichajiwa na sola inafika volti 14.4, na LED 3 zinahitaji kama 10 tu.

Nahodha_Matondoni: Lakini inawaka.

Jibu: Leo.

Binti_Shela: Shikamoo fundi. Kwa nini isitoshe kupanga volti sawasawa tu, bila kuzuia ampia?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. LED ikipata joto, volti inazohitaji zinashuka. Ukishikilia volti zilezile, ampia zinapanda. Ampia zikipanda joto linazidi, na volti zinashuka tena. Inajila yenyewe hivyo mpaka iungue. Driva ya ampia inaukata mzunguko huo. Jaribu na LED 1 na mita 2, utaona kwa macho yako, ila usiiangalie LED usoni.

Kijana_Mokowe: Nipe ampia 2 basi, niwashinde wote.

Jibu: Hapana. Ukizidisha umeme mara 2 mwanga hauzidi mara 2, joto ndilo linalozidi kupita hapo. Ongeza LED 3 nyingine na driva yake.

Fundi_Langoni: Naongezea: skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na usiweke shaba juu ya alumini. Maji ya chumvi yatailamba hiyo alumini.

Jibu: Kweli kabisa ndugu yangu. Na mapezi yasimame wima, hewa ya moto ipande. Wanaoifungia taa nzima ndani ya mkebe wa plastiki kwa kuogopa maji wanaipika. Ziba LED na maungio ya waya kwa silikoni, mapezi yaachwe nje yapigwe na upepo.

Binti_Shela: Nikiosha mapezi kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, baada ya safari, ni sawa?

Jibu: Sawa, taa ikiwa imezimwa na imepoa. Chumvi ikiganda katikati ya mapezi hewa haipiti.