Jinsi ya Kutenga Athari ya Hall ya Kitopolojia katika Fuwele ya MnSi

Mpangilio wa atomi katika MnSi, kiwanja cha manganizi na silikoni, hauna kitovu cha ulinganifu, na ndiyo maana chini ya takriban kelvini 29 spini zake (sumaku ndogo za atomi) hujipinda kama hesi za parafujo, zikikamilisha mzunguko mmoja kila nanomita 18 hivi. Karibu kabisa na jotoridi hilo, uga sumaku wa tesla 0.2 hivi huzipanga kuwa vizingia viitwavyo skirmioni, vilivyobainishwa kwa mtawanyo wa nyutroni mwaka 2009. Elektroni ikipita humo hukengeuka, na kukengeuka huko, kunakoitwa athari ya Hall ya kitopolojia, ndiko tunakokusudia kukupima.

Kwanza, chonga kipande chembamba, kisha ubandike nyaya za dhahabu kwa gundi ya fedha: mbili za mkondo, mbili zinazotazamana ubavuni kwa volteji ya Hall (inayojitokeza kukingama na mkondo), na moja zaidi kwa ajili ya ukinzani wa kawaida. Tumia mkondo mdogo, kwa sababu mkondo mkubwa hupasha fuwele joto na hata huzisogeza skirmioni zenyewe, jambo linalopunguza ishara.

Pili, pima katika uga chanya na uga hasi, utoe kipimo cha pili katika cha kwanza, kisha ugawe kwa mbili. Nyaya za ubavuni hazitazamani sawasawa kamwe. Bila hatua hii ukinzani wa kawaida utachanganyika na matokeo.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Pima usumaku M wa kipande kilekile, uga ukielekea upande uleule, kwani umbo la kipande hubadilisha uga wa ndani, na ukanda wa uga wenye skirmioni ni mwembamba mno kuvumilia tofauti hiyo. Ukiazima M ya kipande kingine, utoaji wa hatua ya mwisho utazaa nundu isiyokuwepo.

Nne, chukua data za uga mkubwa, ambako spini zote zimeelekea upande mmoja, na uchore ρxy/B dhidi ya ρxx²M/B; hapa ρxy ni ukinzani wa Hall, ρxx ni ukinzani wa kawaida, na B ni uga sumaku. Mstari ukinyooka, unapokata mhimili utapata R₀, kizidishi cha athari ya Hall ya kawaida, na mteremko wake ni S, kizidishi cha mchango wa usumaku.

Mwisho, toa R₀B + Sρxx²M katika ρxy. Kwenye kelvini 28 hivi, kinachobaki ni nundu ya takriban nanoohmu-sentimita 4.5 ndani ya ukanda huo pekee. Ikijitokeza pia kwenye kelvini 20, rudi hatua ya tatu.