Somo: Kurudi Tanga kutoka mafunzo ya ususi Bagamoyo, wewe na shoga yako garini

Assalaam aleikum wapenzi. Mafunzo ya kusuka mikeka yakiisha pale Bagamoyo, wengi hufunga mizigo ovyo, asubuhi mbio garini, na wiki ikipita mkono umeshasahau. Mimi naihesabu safari ya kurudi kuwa siku ya mwisho ya mafunzo. Na mwenye shoga wa kurudi naye, waliyekaa naye jamvi moja wiki nzima, asiipoteze siku hiyo kwa kuchati. Fuateni hivi.

Hatua ya 1: Kufunga mizigo, jioni kabla ya safari

Hapa msiwe na haraka. Tenganisheni kilichokauka na kibichi. Mkeka au kawa (kile kifuniko cha chakula) iliyokwisha iwekeni kivulini penye upepo mpaka ukishika katikati ya mshono husikii ubaridi. Ubaridi ni maji, na maji ndani ya gari lililofungwa vioo ni ukungu. Mkeka huviringishwa, haukunjwi. Ukiukunja, ukindu, yaani majani ya mkindu tunayosukia, unavunjika kwenye kunjo na ile alama haitoki tena. Viringa upande mzuri ukiwa ndani, funga kwa kitambaa laini sehemu mbili, usikaze.

Ukili wa rangi, yaani ule utepe uliosukwa unaoshonwa kuwa mkeka, ujaribuni kwanza: chovya kitambaa cheupe majini, kikamue, sugua. Kikitoka na rangi, ukili huo usafiri peke yake ndani ya kanga kuukuu, usikutane na mweupe.

Chane (ukindu uliochanwa nyembamba) mtakazosukia njiani zifungeni kwenye taulo lenye unyevu, mziweke kwenye kikapu kilicho wazi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini hata isingepigwa, ukindu mbichi ndani yake unanuka kabla hamjafika Segera.

Wenzetu wa fani nyingine: batiki ambayo haijachemshwa kutoa nta, viringisheni na gazeti katikati, maana joto la gari hulainisha nta na vitambaa hugandana. Kinyago kipya cha mpingo kifunikeni kwa nguo, jua na upepo wa dirishani hukikausha upande mmoja na kukipasua. Ngoma msiiweke nyuma ya kioo, ngozi hujikaza kwa joto mpaka ikachanika.

Hatua ya 2: Njia

Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami. Msata mnaingia barabara kuu itokayo Chalinze, mnakata kulia kuelekea kaskazini, mnavuka Mto Wami kwa daraja jipya, mnapita Mkata na Kabuku hadi Segera. Segera msifuate magari ya Korogwe na Moshi, ninyi ni mkono wa kulia: Hale, Muheza, Pongwe, Tanga. Tokeni alfajiri baada ya sala, jua kali liwakute mmeshapita Wami.

Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu viwemo, mikanda mfunge wote wawili, na kwenye makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Mkeka mrefu usizibe kioo cha nyuma. Vitu vya kununuliwa viwe na risiti, ikae karibu.

Hatua ya 3: Asiyeendesha anasuka

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike. Anayekaa kushoto aanze ukili mweupe, wa chane chache. Wa nakshi auache, gari likitikisika hesabu inapotea. Anasuka huku anasema kwa sauti kila anachofanya, na dereva, macho barabarani, anamuuliza: hapo umeongeza chane wapi? Umeipitisha juu au chini?

Chukulieni kuunga chane, ambako ndiko wengi tunakoharibu mkeka. Chane ya zamani ikibaki urefu wa kidole, usingoje iishe. Lazia mpya juu yake, ncha nene ikiwa upande wa ndani, zibane pamoja kwa gumba la kushoto, suka zote mbili kama moja mpaka zimepita chini ya wenzao mara mbili tatu. Hapo ndipo unaachia gumba. Ncha zinazochomoza huzikati sasa, ni mwisho, ukili ukiwa umekauka. Ukiweza kumweleza hivyo mtu asiyekutazama mikono, na akaelewa, basi somo unalo. Ukikwama katikati ya maneno, umejua pa kurudia.

Mkisimama Segera kunywa chai, badilishaneni usukani na ukili. Shoga yangu mkono wake kwenye kushona pindo ni mwepesi kuliko wangu, mimi rangi ndizo ninazozijua, basi kila mmoja humdai mwenziwe kile asichonacho. Na awe mkali! Shoga anayekusifia ukili uliopinda hakusaidii.

Hatua ya 4: Segera hadi Tanga, tazameni mkonge

Mkonge uliingia nchini 1893, ukiletwa kutoka Florida na Mjerumani Richard Hindorf, ikasalimika miche 62 tu. Penye kiwanda chenye katani zilizoanikwa kwenye nyaya, simameni dakika chache. Angalieni zinavyotandazwa nyembamba, jua lipite kila uzi. Ukindu wetu nao tuuanike vivyo hivyo, tusiurundike juu ya bati halafu tushangae mbona katikati umekuwa wa kahawia.

Muheza kama ni msimu, machungwa hayakwepeki. Yawekeni miguuni. Chungwa moja likipasuka juu ya mkeka, doa lake hamtalitoa.

Hatua ya 5: Kufika

Fungueni mizigo usiku uleule, mkeka utandazwe, chane zianikwe. Ukili wa njiani ugawaneni nusu kwa nusu, kila mtu amalizie kwake, na mpange siku ya kukutana mkaunganishe.

Maswali ya wanachama

*Mimi sina gari, ni mtu wa basi. Nifanyeje?*
Panda gari la Msata, hapo usubiri mabasi ya Dar kwenda Tanga. Shida ni kwamba yanaweza kupita yamejaa. Ukiwa na mzigo mkubwa, afadhali urudi Dar ukapandie Kituo cha Magufuli, Mbezi, uwe na kiti chako. Mkeka usikubali uingie buti pamoja na samaki au madumu ya mafuta.

*Shikamoo bi mkubwa. Kwa nini tusipite Saadani na Pangani? Kwenye ramani ni karibu.*
Marahaba mwanangu. Njia ile inajengwa kwa vipande, na penye udongo vumbi linaingia mpaka ndani ya ukili. Masika ndiyo kabisa, udongo mweusi unanasa gari. Tena ukipita ndani ya hifadhi kuna kiingilio. Ukienda kutembea, sawa. Ukiwa na mikeka, pita Msata.

*Kawa yangu imeota ukungu njiani. Nitupe?*
Usitupe. Ianike juani, isugue kwa brashi kavu, kisha ifute kwa kitambaa kilichochovywa siki na uianike tena. Ule mweupe utatoka. Madoa meusi yaliyozama hayatoki, hiyo ifanye ya jikoni kwako, usimuuzie mtu.

*Nimepewa kipande cha gogo la mpingo nije kuchonga nyumbani. Kuna shida?*
Ipo. Gogo ni zao la misitu, halisafirishwi bila kibali, na vizuizi vya ukaguzi vipo njiani. Ulizia kibali ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kabla hujalipakia.

*Shoga yangu akipanda gari tu analala. Nimwamshe asuke?*
Nawe usinzie ukiwa kwenye usukani? Mwamshe. Mpe chane mkononi tangu hapo Bagamoyo, na akigoma kusuka, akusimulie alivyochemsha rangi. Akichoka kweli simameni Mkata, alale nusu saa gari likiwa kivulini.