Kukausha mimea ya kumbukumbu Dar ya masika

John Kirk, daktari wa Kiskoti aliyezaliwa 1832, alifuatana na Livingstone mto Zambezi, kisha akawa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, huku akituma mimea mikavu bustani ya Kew, London. Landolphia kirkii, mtambaa wenye utomvu wa mpira, umepewa jina lake. Wanafunzi wangu huuliza: mimea hiyo ilifikaje London bila kuoza?

Kazi yote ni karatasi. Kata tawi lenye majani pamoja na ua au tunda. Majani matupu huwasumbua wataalamu wa kutambua mimea. (Msitu wa Pugu ni hifadhi, omba kibali kwanza. Sisi tunaanzia uani kwa shule.) Lilaze tawi ndani ya gazeti, geuza jani moja ili mgongo wake uonekane, weka maboksi yaliyokatwa juu na chini, kaza kwa kamba. Badilisha gazeti kila siku. Masika hapa Temeke, ukizembea kidogo tu, ukungu mweupe unaanzia kwenye kikonyo. Karatasi zinazong'aa usizitumie, hazifyonzi maji.

Andika papo hapo mahali, tarehe, kimo cha mmea na rangi ya ua, maana rangi hupotea. Mmea ukishakakamaa, ushone kwa uzi kwenye karatasi ngumu ya manila.