Kufuatilia viota vya minana masika hii ukiwa na kitabu cha zamani mkononi

Naandika hii baada ya kumsaidia binamu yangu. Kwao Tanga kuna mnazi uani umejaa minana, wale ndege wanaofuma viota, kelele kutwa, akadownload kitabu cha ndege cha enzi za Mjerumani, halafu akanipigia kulalamika eti kitabu hakina huyo ndege. Yumo bwana, nami niliwahi kukwama hapohapo.

Hatua ya 1. Chagua mti mmoja unaoupita kila siku. Mmoja tu.

Hatua ya 2. Darubini 8x42 inatosha, hizo 10x50 wanazosifia zinachosha mkono na picha inatetemeka. Daftari na penseli, kalamu ya wino ikinyeshewa ndo basi. Apu za simu sina ugomvi nazo ila usimpigie dume sauti ya mwenzake kwenye simu, ataacha kufuma aanze kutafuta adui asiyekuwepo.

Hatua ya 3. Jina. Hapa nilipoteza Jumamosi nzima. Huyu wetu mwenye kichwa cheusi, jicho jekundu na mgongo wa madoa meusi na njano leo anaitwa Ploceus cucullatus, basi nami nikawa natafuta cucullatus kwenye faharasa, nikampata, nikasoma, mbona maelezo hayaendani, huyo wa kitabuni ana rangi ya kahawia nyuma ya kichwa! Kumbe ni ndugu yake wa Afrika Magharibi. Wa kwetu, waandishi wa zamani walimhesabu kama ndege mwingine kabisa, nigriceps, na leo hilo limebaki jina la tatu, yaani Ploceus cucullatus nigriceps. Kwa hiyo ukikwama tafuta kwa jina la tatu. Jina la kwanza usiliamini hata kidogo, wengine walimwandika Hyphantornis. Kinachodumu ni jina la mwisho pamoja na aliyelitoa na mwaka, hapa Layard 1867, na ukiona Layard na mwaka wake viko ndani ya mabano ujue ndege kahamishwa ukoo (jenasi, yaani lile jina la kwanza) tangu apewe jina. Angalia pia mwisho wa neno, -us inaweza kugeuka -a ukoo ukibadilika, sasa ukisachi neno zima kwenye pdf unaambiwa hakuna kitu. Sachi herufi tano sita za mwanzo tu. Na kama mnana wako ana kichwa cha rangi ya chungwa na jicho jeusi, huyo siye, huyo ni Ploceus bojeri, mnana wa aina nyingine, naye pwani amejaa.

Hatua ya 4. Chora mti, kila kiota namba. Dume anafuma kwa nyuzi mbichi za majani, anajining'iniza chini ya kiota akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Kiota kikikauka kuwa kahawia bila jike kukubali, dume mwenyewe anakibomoa na kuanza upya, kwa hiyo usije ukaandika kunguru kaharibu. Ukiona jike anaingia na majani laini au manyoya, amekubali, andika tarehe. Mayai huatamiwa kama siku 12.

Hatua ya 5. Linganisha miezi yako na ya kitabuni, ila polepole. Wale waandishi wa zamani walisafiri na msafara, kwa hiyo "mayai, Aprili" mara nyingi maana yake Aprili ndo hema lao lilikuwa hapo. Mei hawakuwepo. Na wao walipanda mtini wakachukua mayai, wewe usiguse kiota.

Hatua ya 6. Okota maganda chini ya mti. Binamu alipata kipande cha bluu-kijani na kingine cheupe chenye madoa, akasema basi hapa kuna ndege wa aina mbili. Wapi! Kila jike wa mnana ana rangi yake ya mayai na haibadilishi maisha yake yote, ila jirani yake ana nyingine. Kuna ndege mdogo wa kijani kinachong'aa anayekuja kutaga humo kwa siri ili alelewe watoto, na jike anayejua yai lake lilivyo analitupa nje la huyo mgeni. Kwa hiyo hayo maganda weka kwenye boksi la kiberiti, andika tarehe, na namba ya kiota kilicho juu yake kama unaweza kukisia.