Kabla ya Kumfundisha Kasuku Kuruka Ndani ya Nyumba: Mambo ya Kuzingatia

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati inayopita Kongo na Uganda hadi Kakamega nchini Kenya, huanza kuruka akiwa na umri wa takriban wiki 12. Ni katika kipindi hicho ndipo anapojifunza kukata kona, kupunguza mwendo na kutua, akianguka na kuinuka tena wakati mwili wake ungali mwepesi wa kujifunza. Kasuku wengi wanaofugwa majumbani walikatwa mabawa kabla ya kuufikia umri huo, au walikulia ndani ya tundu lisilowatosha hata kukunjua bawa moja, na kwa hiyo hawakuyapata mafunzo hayo. Mfugaji anayetaka kumpa ndege wake nafasi ya kuruka nyumbani afahamu tangu mwanzo kwamba kupaa ndege atapaa mwenyewe siku atakayoshtuka. Kinachohitaji kufundishwa ni kutua, na karibu kila tahadhari iliyomo humu inatokana na jambo hilo.

Kwanza yaangaliwe mabawa. Unyoya uliokatwa kwa mkasi haurefuki tena. Hubaki kisiki mpaka ndege aupukutishe wakati wa kubadilisha manyoya, ndipo mwingine mzima uchipue mahali pake. Kwa kasuku wa kijivu kazi hiyo huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu manyoya makubwa ya bawa hayatoki yote kwa pamoja. Unyoya unaochipua huwa na damu ndani ya bua lake, na ukikosa manyoya marefu ya kuukinga pande zote mbili huvunjika kwa urahisi na kutoka damu nyingi. Kwa hiyo ndege mwenye manyoya machanga asihimizwe kuruka hata kama anaonekana kutamani; asubiri bua likauke na kuwa jeupe. Mkia nao usisahauliwe, kwa kuwa ndege huutandaza kama breki anapokaribia kutua, na kasuku ambaye amekuwa akianguka ndani ya tundu mara nyingi huwa na mkia uliokatikakatika.

Baada ya manyoya, mwili. Mfugaji apitishe kidole taratibu juu ya mfupa wa kidari: ukiwa umechomoza mkali, ndege amekonda na misuli yake ya kurukia ni dhaifu; usipopatikana kwa sababu ya mafuta, amenenepa kupita kiasi na moyo wake hautastahimili kazi ya ghafla. Kasuku wa kijivu aliyekomaa kwa kawaida huwa na uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi, lakini kipimo cha maana zaidi ni kile cha ndege mwenyewe, kinachochukuliwa kila asubuhi kabla hajala kwa mizani ndogo ya jikoni inayoonyesha gramu. Ndege aliyelelewa kwa mbegu za alizeti peke yake achunguzwe na daktari wa mifugo kabla ya jambo lolote lingine, kwa maana kasuku wa aina hii hupungukiwa kalisi kwa urahisi, na upungufu huo humletea mitetemeko na degedege. Degedege likimpata angani hakuna mkono utakaowahi kumdaka.

Misuli iliyolala miaka mingi huamshwa polepole. Ndege akae juu ya mkono, nao ushushwe kidogo ili akunjue mabawa na kuyapigapiga huku miguu ikiwa imeshika kidole, kisha apumzishwe. Kuhema kwa muda mfupi baada ya hapo ni kawaida. Kuendelea kuhema kwa dakika kadhaa, mdomo wazi na mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, ni dalili ya ugonjwa au ya kulazimishwa mno, na mazoezi yasimamishwe.

Chumba chenyewe kinahitaji kazi kubwa zaidi, na ni hapa wafugaji wengi hufanya haraka isiyofaa. Feni ya dari izimwe, na swichi yake ifunikwe ili asije mtu mwingine wa nyumbani akaiwasha kwa mazoea. Vioo vya madirisha havionekani na ndege asiyevijua. Pazia zifungwe katika siku za mwanzo, na baadaye ndege apelekwe mkononi mpaka kwenye kioo akiguse kwa mdomo, mara nyingi na katika madirisha yote, kabla pazia halijafunguliwa. Nondo za dirisha hazimzuii kasuku, kwa hiyo dirisha lisilo na wavu imara lifungwe kabisa. Wavu wa mbu uliozeeka atautoboa kwa mdomo mara moja. Nyumba isiyo na dari haifai, kwani ndege atapanda mpaka kwenye kenchi chini ya mabati na kukaa huko kwenye joto, akiwa hajui namna ya kushuka. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, choo kifungwe, na paka na mbwa watolewe nje ya nyumba na si nje ya chumba tu, maana mlango husukumwa.

Jiko liwe limezimwa na kupoa. Mapafu ya ndege, pamoja na mifuko ya hewa iliyounganishwa nayo, huvuta na kutumia hewa kwa ufanisi kuliko yetu, na kwa sababu hiyo sumu ya hewani humuua kabla binadamu hajanusa chochote. Sufuria na vikaango vyenye utando usioshika chakula, vikipashwa moto kupita kiasi, hutoa mvuke unaoweza kumuua kasuku kwa dakika chache hata akiwa chumba cha pili. Moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma au ya kupuliza, na hata udi unaofukizwa sebuleni, vyote viepukwe katika nyumba ya ndege, iwe siku ya mafunzo au siku nyingine yoyote.

Sakafu ya vigae au saruji itandikwe godoro au mablanketi mazito, kwa sababu kasuku aliyekatwa mabawa huanguka kwa kidari, na ngozi iliyo juu ya mfupa huo huweza kupasuka. Vituo viwili vya kutulia vya mti wa kukwaruza kidogo, vinavyoshikika vizuri na visivyoyumba, viwekwe karibukaribu, cha pili kikiwa juu kidogo kuliko cha kwanza. Anayetua akipanda hupunguziwa mwendo na uzito wake mwenyewe, ilhali kushuka kunamtaka azuie kasi kwa mabawa na mkia, na hilo ndilo somo gumu kuliko yote, linalofaa kuachwa mpaka mwisho.

Kabla ya hayo yote ndege awe anapanda mkononi akiombwa, na awe anakifuata kijiti cha kumwelekeza kwa kutembea, kisha kwa kuchupa hatua moja, akilipwa kipande cha kitu anachokipenda ambacho hakipati wakati mwingine. Asishindishwe na njaa ili atii. Na asirushwe hewani kwa dhana kwamba atajifunza: ndege aliyetupwa hufika ukutani akiwa hajui kusimama, na mkono uliomtupa hatauamini tena.

Uhalali wa kummiliki nao ushughulikiwe mapema. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo katika Orodha ya Kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, na nchini Kenya kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori.

Mwisho, mfugaji ajiandae kwa siku ambayo mlango utaachwa wazi. Namba ya pete ya mguuni iandikwe, picha zipigwe, na mlio wake pamoja na sauti ya anayempenda virekodiwe kwenye simu, ili vichezwe chini ya mti atakaoonekana. Kasuku aliyetoroka kwa kawaida hukaa juu kwa kutojua kushuka, si kwa kukataa kurudi. Tundu lake liwekwe mahali anapoweza kuliona, likiwa wazi na lenye chakula, na mtu akae hapo jioni na alfajiri akimwita.