Namna ya Kuitambua Hulka ya Mtoto Mchanga

Aliyelea watoto wawili anajua kuwa wa tumbo moja hawafanani: mmoja hulala hata redio ikilia, mwenzake hushtuliwa na kijiko kilichoanguka. Tofauti hiyo, kwa sehemu, mtoto huzaliwa nayo. Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa magonjwa ya akili walioanza mwaka 1956 mjini New York kufuatilia watoto tangu uchanga, waliona kuwa asilimia 40 hivi walikuwa wepesi kulea, 10 wagumu, 15 wazito wa kuzoea mambo mapya, na waliosalia walichanganya sifa hizo.

Mchunguze mwanao akifikisha miezi minne hivi. Chagua wakati ameshiba, hana usingizi wala homa, umlaze chali na kumpungia kanga ya rangi kali, ukitazama mikono na miguu kabla ya uso. Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyewaonyesha watoto wa umri huo vitu vya rangi na kuwasikilizisha sauti ngeni, aliona kwamba takriban mmoja kati ya watano hurusha viungo, hujipinda mgongo na kulia, na kwamba hao ndio walioelekea zaidi kuogopa wageni walipofikia mwaka wa pili. Hata hivyo, si wote waliokuwa waoga ukubwani. Rudia kwa siku kadhaa, ukiandika pia saa anazolala na kunyonya, kwa kuwa kilio cha jioni moja chaweza kuwa tumbo tu. Kilio kisicho cha kawaida yake ni cha kupelekwa kliniki.

Ukishamjua, badili malezi yako, maana Thomas na Chess walisisitiza kuwa shida hutokana zaidi na malezi yasiyolingana na hulka ya mtoto. Hapa ndipo tunapokosea sana: mgeni akiingia, mtoto hupokezanwa mkono kwa mkono, na akilia huambiwa anadeka. Naomba tuliache neno hilo. Mtoto mwepesi kushtuka mpakate wewe kwanza, mgeni aketi karibu na kuzungumza nawe bila kumkazia macho, hadi mtoto mwenyewe amgeukie na kunyoosha mkono. Mgeni akirudi kesho yake, mketishe palepale, uanze upya kwa utaratibu uleule.