Jinsi ya kupima mabadiliko ya wakazi na kipato katika mtaa wa Dar es Salaam

Anza na mipaka, si idadi ya watu. Sensa za 2002, 2012 na 2022 zinatoa takwimu kwa kata, na kata hugawanywa. Hata wilaya hubadilika: Sinza ilikuwa Kinondoni, leo iko Ubungo. Kata ikimegwa, idadi itashuka bila mtu hata mmoja kuhama. Jumlisha kata mpya kwanza, ndipo ulinganishe.

Kisha gawanya watu kwa kaya. Wastani ukishuka, huenda familia zimeondoka na wapangaji wasio na watoto wameingia. Thibitisha kwa makundi ya umri.

Kipato ndicho kigumu. Sensa haiulizi mshahara, kwa hiyo tumia dalili: nishati ya kupikia, aina ya choo, maji ya bomba ndani. Ongeza kodi ya chumba, lakini muulize mpangaji analipa ngapi. Bei ya dalali ni ya kuanzia mazungumzo. Ondoa mfumuko wa bei. Mfano: kodi imetoka 30,000 hadi 60,000, na fahirisi ya bei (kipimo cha bei za bidhaa kwa jumla) kutoka 100 hadi 160. Gawanya 60,000 kwa 1.6, unapata 37,500. Ongezeko halisi ni asilimia 25, si 100.

Mwisho, tembea. Kariakoo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na uani imepisha ghorofa, na vyumba vingi sasa ni stoo za mizigo. Hesabu milango yenye kamba za kuanikia nguo, dalili kwamba bado kuna watu wanaishi humo. Na watafute waliohama: wakazi wa sasa wakiwa na kipato kikubwa, haina maana kwamba wale wa zamani wametajirika.